Tujihesabu badala ya kujisimulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu siku nilipoingia shambani kwetu, upande wa Piki, kuhesabu mikarafuu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Wete, na shamba hilo nimelirithi kwa marehemu baba yangu, ambaye naye alilirithi kwa baba yake. Kwa umri wangu wote, kila nilipoulizwa tuna mikarafuu mingapi, nilijibu pasi na kusita kwamba ni 120. Ndivyo alivyokuwa akijibu baba, na ndivyo nilivyowajibu ndugu zangu tulipogawana mirathi, maafisa wa kilimo walipopita kuandikisha, na watu waliotaka kukodi miti kwa msimu. Sikuwa nikisema uongo, kwa maana uongo ni kusema usichokiamini, nami nilikiamini.

Mwaka huu nilitaka kuomba miche, na nikatakiwa kueleza idadi ya miti iliyopo na idadi ya mapengo. Nikaona ni vyema nihesabu. Mjukuu wangu, msichana wa miaka 11, alichana kanga kuukuu ya bibi yake akapata vitambaa 120, tukaingia shambani asubuhi umande ulipokwisha kukauka, na kila mkarafuu tulioufikia tuliufunga kitambaa ili tusiuhesabu mara mbili. Tulipanda kilima na kushuka bondeni hadi ikakaribia adhuhuri. Tulipofika mpakani, penye mwembe wa jirani, mtoto alikuwa bado ameshika fungu la vitambaa mkononi. Akaniuliza, "Babu, hivi vilivyobaki tuvifunge wapi?"

Vilikuwa 37. Nilirudi nyuma nikaukagua kila mti uliofungwa, nikakuta kwamba kati ya ile 83, mikarafuu 12 ilikuwa imekauka tangu kileleni hadi shinani, imesimama kwa sababu tu hakuna aliyeikata wala upepo uliokuja kuiangusha. Mikarafuu hai ya shamba langu ni 71. Ile 49 mingine ilikuwa ikiishi kinywani mwangu.

Nimejiuliza sana imekuwaje mtu anayepita katika shamba hilo kila msimu asione kwamba karibu sehemu mbili katika tano zimetoweka. Jibu nililolipata ni kwamba mikarafuu haikufa siku moja. Mmoja uliangushwa na upepo wa kusi, mwengine ukaliwa na mchwa, mwengine ukaanza kupukutisha majani bila sababu iliyojulikana na ukafa kabla ya msimu kuingia, mwengine tuliukata wenyewe kwa sababu uliinamia nyumba. Kila mara nilisema ni mmoja tu, na kila mara idadi iliyomo kichwani ilibaki vilevile, kwa sababu hapakuwa na siku iliyonilazimisha kuipunguza. Jicho liliona pengo, lakini ulimi ulikuwa na hesabu yake tangu zamani.

Ndugu Mhariri, laiti jambo hili lingekuwa la shamba langu peke yake, nisingekuchosha kwa barua. Naliandika kwa sababu naamini ndivyo tunavyoishi Wazanzibari kwa jumla, na zaidi sisi Wapemba, katika mambo mengi tunayojivunia. Keti barazani jioni, hapa Wete au Chake Chake au Mkoani, uulize ni nchi gani inayoongoza duniani kwa karafuu. Utajibiwa kwa haraka na kwa fahari kwamba ni Zanzibar, na atakayejibu hivyo huenda ni mtu wa makamo mwenye elimu yake. Jibu hilo lilikuwa sahihi enzi za babu zetu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, vilivyomo katika Indonesia ya leo, na uliletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imekuwa ikitoka kisiwani kwetu. Kwa miongo mingi hapakuwa na mshindani. Hao Waindonesia wenyewe walikuwa wateja wetu wakubwa, kwa sababu hutia karafuu katika sigara zao ziitwazo kretek, na za kwao hazikuwatosha.

Basi wakapanda. Walipanda kwa miaka, mti juu ya mti, hadi ilipofika miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena kama zamani, na leo Indonesia ndiyo inayozalisha karafuu nyingi zaidi duniani, tena kwa umbali mkubwa. Madagaska nayo inauza nje karafuu nyingi kuliko sisi. Wahenga walisema avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo, na sisi tumeendelea kuvuma bila kutazama wengi hao walikuwa wakifanya nini.

Sisemi haya kuidharau karafuu ya Pemba. Ni zao letu, limenisomesha mimi na limewasomesha wanangu, na harufu yake inapopanda kutoka majamvini wakati wa kuanika bado hunikumbusha mikono ya mama yangu. Ninachosema ni kwamba mkulima anayejua kuwa yeye ni wa kwanza hana haja ya kupanda, na anayejua kuwa amepitwa ataamka mapema. Tumekuwa tukilala kwa sababu ya jibu tulilolihifadhi tangu utotoni.

Kuna jambo jengine ambalo ni zito zaidi kulisema, nami nimesitasita kabla ya kuliandika. Katika familia yetu husemwa kwamba shamba la Piki lilipandwa na babu wa baba yangu kwa mikono yake mwenyewe. Nimelisimulia hilo kwa fahari mara nyingi, hata darasani. Miaka michache iliyopita, katika hitima ya jamaa mmoja, nililisimulia tena mbele ya mzee aliyekuwa amenizidi umri sana, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo hapana aliyeisikia isipokuwa mimi, "Mwanangu, babu yako hakupanda. Alipandiwa."

Nilimwelewa papo hapo. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, na kabla ya hapo kazi ya mashamba ya mikarafuu, kuanzia kuchimba shimo hadi kupalilia na kuchuma, ilibebwa kwa sehemu kubwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Tunajiita watu wa ustaarabu, na kweli tuna ustaarabu wetu katika salamu, katika mavazi, katika kumkirimu mgeni. Lakini picha tuliyonayo juu ya nafsi zetu imemkata mtu aliyechimba shimo, na huenda wajukuu zake ni majirani zetu, tunasali nao safu moja. Tangu siku ile sijasema tena kwamba babu yetu alipanda. Nasema alipandiwa, na watoto wakiuliza na nani, nawaeleza.

Picha ina nguvu ya ajabu, Ndugu Mhariri. Sebuleni kwetu pametundikwa kalenda ya zamani yenye picha ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Unguja lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Sayyid Barghash, nasi tuliishi tukilitaja kama fahari yetu. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande wake mmoja uliporomoka na watu wawili wakafariki. Kalenda yangu haikubadilika. Jumba limesimama humo zima, jeupe, saa yake ikiwa mahali pake, na wapo wageni wangu ambao hulitazama hapo ukutani na kusema mashaallah.

Nilipokuwa nikisomesha nilipata kusoma juu ya watafiti walioushughulikia udhaifu huu wa binadamu, na ni vyema nimtaje mmoja wao ili isionekane kwamba ninawaonea Wazanzibari. Mwaka 1981 Mswidi aitwaye Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wa Marekani na wa Uswidi, wote wakiwa madereva, walinganishe uhodari wao wa kuendesha gari na ule wa wenzao waliokuwa nao katika kundi. Kwa Wamarekani, watu 93 katika kila 100 walijiweka katika nusu ya juu. Kwa Waswidi walikuwa 69. Mwanafunzi wa darasa la nne anajua kwamba nusu ya 100 ni 50, kwa hiyo wapo waliokuwa wamekalia nafasi isiyokuwa yao, na kila mmoja wao alikuwa mkweli kama nilivyokuwa mkweli mimi nilipotaja 120. Panda gari ya abiria kutoka Chake hadi Wete usikilize mazungumzo ya madereva, utaona kwamba uzembe wa barabarani siku zote ni wa yule anayekuja mbele.

Baada yake, mwaka 1999, Wamarekani wawili, David Dunning na Justin Kruger, waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki, sarufi na kutambua kichekesho, kisha wakawataka wakisie wamefanya vizuri kiasi gani wakilinganishwa na wenzao. Wale waliokuwa chini kabisa, ambao kwa wastani waliwashinda watu 12 tu katika kila 100, walidhani wamewashinda 62. Maelezo ya watafiti hao niliyakubali kwa urahisi, kwani nimesimamia mitihani kwa miaka 34. Elimu inayohitajika ili uandike insha sahihi ndiyo hiyohiyo inayohitajika ili uone kwamba insha uliyoandika ina makosa, na anayekosa ya kwanza hukosa na ya pili. Wanafunzi waliokuwa wakitoka chumbani wakitabasamu walinitia wasiwasi kuliko waliotoka wakiuma vidole.

Hapa napaswa kuitaja lugha yetu, ingawa najua wapo watakaokasirika. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo tumejiona kwamba Kiswahili ni mali yetu ya kuzaliwa nayo na wengine ni wapangaji. Mwaka 2021 mwana wa visiwa hivi, Abdulrazak Gurnah, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, tulijivuna kila pembe, nami nilijivuna. Miezi kadhaa baadaye, katika kikao cha walimu wastaafu tuliokuwa 14, niliuliza nani amesoma japo ukurasa mmoja wa maandishi yake, kwa Kiingereza alichoandikia au kwa Kiswahili cha mfasiri. Alinyanyua mkono mtu mmoja, mwanamke, na mkono huo haukuwa wangu. Lugha haihifadhiwi na kuzaliwa Unguja au Pemba. Inahifadhiwa na wanaosoma na kuandika, na hao nao wanahesabika.

Nimekwisha kusema ya wengine kwa urefu, basi niseme langu ambalo hakuna mirathi wala historia ya kulisingizia. Tangu nistaafu nasomesha watoto katika chuo cha Kurani baada ya alasiri, na siku zote nimejiona kuwa mwalimu mpole. Ningeulizwa nijieleze kwa neno moja, ningechagua hilo. Siku moja mwanangu aliweka simu yake juu ya rahali, kile kibao cha kuwekea msahafu, akaninasa sauti kwa muda wa robo saa, kwa nia njema, akitaka kuwapelekea ndugu zake walio Maskati wamsikie baba yao anasomesha. Usiku alinisikilizisha.

Kwanza nilidhani si mimi. Nilikuja kufahamu kwamba mshangao huo ni wa kila mtu, kwa sababu tunapozungumza sauti yetu hutufikia kwa njia ya hewa na pia kwa njia ya mifupa ya kichwa, nayo mifupa huifanya iwe nzito kuliko wanavyoisikia wengine. Hilo lilinituliza kwa muda mfupi. Kisha nikasikia namna nilivyomkatiza mtoto mmoja katikati ya aya, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara sauti yangu ikipanda, hadi mtoto akanyamaza kabisa na pakawa na kimya kirefu ambacho siku ile chuoni sikukisikia. Mifupa ya kichwa haihusiki na kimya hicho. Nilimwomba mwanangu asiipeleke Maskati. Siku ya pili nilimweka mtoto yule mbele yangu nikamwacha asome hadi mwisho, pamoja na makosa yake, ndipo nikamrekebisha, na nikamwona anashangaa.

Wahenga wanasema nyani haoni kundule. Kwa muda mrefu nililichukulia neno hilo kuwa la kumsuta mtu, lakini sasa naona linaeleza jinsi tulivyoumbwa. Nyani hana namna ya kugeuza shingo hadi huko, na anahitaji nyani mwenzake amwambie, au simu juu ya rahali, au fungu la vitambaa lililobaki mkononi mwa mtoto.

Nilipomweleza jirani yangu nia ya kuandika barua hii, alinikanya. "Mwalimu," aliniambia, "utatutia aibu mbele ya watu. Watu wa Unguja watasoma, watu wa bara watasoma, watasema Pemba hakuna kitu." Namheshimu, na najua kwamba kisiwa hiki kimesemwa vibaya mara nyingi na watu wasiokijua. Lakini yeye na mimi sote ni wakulima wa karafuu, nami nilimjibu kwa kazi yetu wenyewe. Karafuu mbichi ikichambuliwa makonyo na kuanikwa jua kali siku kadhaa hupungua sana, hata ikahitajika kilo tatu au zaidi za mbichi kupata kilo moja iliyokauka. Hakuna mkulima anayekwenda kituo cha kuuzia karafuu na gunia lake kavu akadai alipwe uzito wa mbichi, wala hakuna anayeona aibu mizani inaposoma theluthi ya alichokibeba kutoka mtini. Tunaijua hesabu hiyo, tunaipangia mapema, na ndiyo maana tunaweza kuwalipa wachumaji na tukabaki na chetu. Nilimuuliza kwa nini tuihofie mizani katika mambo mengine ilhali katika hili tumeizoea tangu utoto. Hakunijibu, ila alicheka, na jioni alimtuma mjukuu wangu aniombe nimwazime vitambaa. Sikumpa, kwa sababu nina kazi navyo, lakini nimesikia kwamba amechana kanga ya kwake.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo na linawezekana. Tenga sehemu ndogo ya ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, ambapo shehia moja, yaani mtaa au kijiji chenye sheha wake, itahesabu kitu kimoja inachokisifia na kuleta idadi yake. Pawe na shehia itakayohesabu mikarafuu hai, nyengine ihesabu watoto wa darasa la tatu wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili bila kusaidiwa, nyengine ihesabu visima vyenye maji mwezi wa Januari kiangazi kinapokaza. Asiandikwe mtu jina, wala isitafutwe shehia ya kushindwa. Waandike tu walichokuwa wakikisema kabla ya kuhesabu, na walichokikuta. Walimu wastaafu tupo wengi, hatuna kazi nyingi baada ya alasiri, na daftari hatukosi. Kwa upande wa Wete mimi nitajitolea kuanza, na ninao wenzangu watatu waliokubali, akiwemo yule mama aliyenyanyua mkono.

Kuhusu shamba langu, ile mikarafuu 12 iliyokauka nimekwisha kuikata kuni na kuvifungua vitambaa vyake, vikaungana na vile 37, na mjukuu wangu amevitundika vyote 49 nyuma ya mlango. Miche niliyoahidiwa kwa masika haya ni 30. Kila mche utakapotiwa shimoni, pembeni yake tutachomeka kijiti na kukifunga kitambaa kimoja, na mashimo nimeanza kuyachimba mwenyewe, ingawa kwa umri wangu hayazidi mawili kwa siku. Vitambaa 19 vitabaki mlangoni. Inshaallah mwakani wakati kama huu nitaingia tena shambani na mtoto, kisha nitakuandikia ni miche mingapi imeshika.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.